Siruhusiwi Tena Kugawa Karata

Kuna baraza moja hapa Chake Chake, upande wa Machomane, ambapo naruhusiwa kukaa, kunywa kahawa, kucheza, kufunga na kufungwa. Kugawa karata siruhusiwi. Kuchanga pia siruhusiwi. Kukata naruhusiwa, ila kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe uwe wa kulia, maana wa kushoto ndio ulioleta balaa. Sheria hii haikuandikwa popote lakini kila mtu anaijua, hata vitoto vinavyotumwa sukari dukani. Mgeni akikaa akaninyooshea fungu nichange, wanapiga kelele watu wanne kwa mpigo: "Huyo basi!"

Sikuiba. Hilo naomba lijulikane mapema. Nilijifunza mchezo mmoja wa kiinimacho kutoka kwenye video ya dakika 14, na yaliyonifika ndiyo haya.

Mie nina kiduka cha steshenari. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nauza daftari na bahasha. Masika ikishika Pemba, kazi hii inalala. Mvua inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo kwa heshima ya adhuhuri, halafu inarudi. Hakuna mtu atakayebeba cheti chake cha kuzaliwa kwenye mvua ile kuja kukitolea kopi. Basi unakaa. Unafuta mashine. Unapanga kalamu kwa rangi. Mwisho unashika simu, na simu ukiishika bila kazi inakupeleka inakotaka yenyewe. Mimi ilinipeleka kwa mwanamume mmoja asiye na uso: mikono miwili tu juu ya kitambaa cheusi, kucha zimekatwa vizuri, sauti ya pole inayosema Kiingereza cha taratibu kama cha mwalimu wa watoto.

Alichokifanya ni hiki. Alichukua saba ya kopa, akaionyesha, akaitia katikati ya fungu, akalisawazisha. Akagonga juu kwa kidole. Akageuza karata ya juu: saba ya kopa. Akaitia tena katikati, akagonga, imepanda. Akaitia tena. Imepanda. Hakuna kitambaa cha kufunikia, hakuna moshi, hakuna maneno ya ajabu. Wenye fani yao wanaiita kwa jina lenye maana ya karata yenye hamu ya kupanda daraja. Mie nimeibatiza karata mpenda cheo, na nadhani kila mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini anaifahamu.

Katikati ya somo mwalimu akagusia kisa kimoja, nikakifuatilia baadaye. Mwaka 1922, mjini Chicago, Marekani, kijana aliyezaliwa Ottawa, Kanada, anayeitwa Dai Vernon alikutana na Harry Houdini, yule bingwa wa kujifungua minyororo. Houdini alikuwa anajitapa kwamba ukimwonyesha mchezo wowote wa karata mara tatu atakwambia unavyofanywa. Vernon akamtaka atie saini kwenye karata, yaani Houdini mwenyewe ndiye aliyeandika, kisha Vernon akaifanya ipande. Houdini akataka tena. Ikapanda. Akataka tena na tena, mara tatu zikapita mbali, hakuambulia kitu. Vernon aliishi mpaka mwaka 1992, na maisha yake yote alitambulishwa kama mtu aliyemzuga Houdini.

Kosa langu nadhani lilianzia hapo. Nilichokishika kwenye kisa kile ni kwamba mchezo unaweza kurudiwa mara nyingi mbele ya mtu mjanja. Sikujiuliza Houdini alikuwa amekaa wapi. Alikuwa amekaa mbele.

Najua wenye fani wanasema siri haitolewi. Lakini hii iko wazi kwa kila mwenye bando, na mie nimeshaadhibiwa kwa ajili yake, kwa hiyo naona nina haki ya kuieleza. Moyo wa mchezo ni kuinua karata mbili zikaonekana moja. Nimeuita kuinua pacha. Ile saba ya kopa unayoonyeshwa si ya juu, ni ya pili. Imegeuzwa pamoja na iliyo juu yake, zimeshikana kama mwili mmoja. Zikirudishwa kifudifudi, inayochukuliwa kwenda kufukiwa katikati ni ile ya juu, karata yoyote tu, garasa. Saba yako haijatoka nyumbani. Inapogongwa kwa kidole ili "ipande", iko pale juu inasubiri.

Kulieleza ni jambo la mistari minne. Kulifanya kulinichukua wiki saba.

Fungu linalala kwenye kiganja cha kushoto. Gumba limekaa ubavuni, shahada limejikunja mbele kwenye ukingo, vidole vitatu vilivyobaki vimekumbatia upande wa pili. Kidole cha mwisho, kile kidogo ambacho kazi yake ya kawaida ni kusindikiza wenzake, ndicho jambazi. Gumba linasukuma karata mbili za juu kidogo tu kwenda kulia, kisha zinarudishwa, na wakati zinarudi nyama ya ncha ya kidole cha mwisho inajipenyeza chini yake. Pale panabaki mwanya. Mwanya mwembamba, hata ukucha ni mnene kuliko wenyewe. Kwa mbele fungu limefunga kabisa. Kwa nyuma limeachia kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno akajizuia. Mkono wa kulia ukija, unazikuta mbili zimeshatengwa tayari, hauna haja ya kuzihesabu.

Sasa fikiria kazi yangu. Miaka tisa nimesimama mbele ya mashine ya kopi kwenye kisiwa chenye unyevu ambao ukiacha bahasha mezani usiku, asubuhi unaikuta imejifunga yenyewe. Karatasi zetu zinagandana. Kabla ya kuitia rimu kwenye mashine lazima uipepee, uikunje huku na huku, uipige kwenye meza, uipitishie gumba pembeni usikie zinaachana moja moja. Karatasi mbili zikiingia pamoja, mashine inakwama, au mteja anapata kurasa nyeupe katikati ya mkataba wake wa kiwanja. Kwa hiyo gumba langu linajua jambo moja tu duniani: likigusa mbili, litenganishe. Halingoji kuambiwa. Na usiku wa kwanza ndivyo lilivyofanya. Nilisukuma mbili, nikazirudisha, nikageuza kwa madaha mbele ya kioo, ikageuka moja. Mara ya pili, moja. Mara ya ishirini, moja, safi, imepepewa. Nilikuwa nimekaa chini kujifunza kosa ambalo nimelipwa miaka tisa kuliepuka.

Halafu kulikuwa na suala la kulia na kushoto. Mwalimu amekutazama, mkono wake wa kushoto uko upande wako wa kulia, na akili inachoka kugeuza. Nikagundua nikiisimamisha simu ikatazama kioo cha kabati, na mie nikaitazama video ndani ya kioo, kila kitu kinakaa upande wangu. Mke wangu akaingia na nguo za kukunja akanikuta nimekaa kitako nimeipa simu mgongo, natazama kioo kwa makini. Akasimama.

"Bwana wee, simu si hiyo hapo? Unaichungulia kwenye kioo ya nini?"

Nikamweleza. Akakunja kanga mbili bila kusema kitu, halafu akasema, "Mie nilidhani umeanza kuwa na siri. Kumbe ni hivi. Afadhali siri."

Pia niliipunguza mwendo video ikawa inakwenda nusu. Vidole vinaonekana vizuri, lakini sauti ya mwalimu inakuwa ya mtu anayetolewa jino. Binti yangu wa miaka sita akauliza huyo mtu anaumwa nini.

Karata zenyewe nazo zilikuwa na maneno. Za barazani kwetu zina umri. Zimelainika kama kitambaa cha kufutia dele la kahawa, mzungu wa nne wa uru amekatika pembe, na zile za kopa zina haluwa ya Iddi ambayo sikumbuki ilikuwa Iddi gani. Ukisukuma mbili zinakuja tatu, zinakuja kama wanafunzi waliochelewa, kwa kundi. Nilinunua mpya sokoni, zile zenye plastiki, hizo zikawa na ugonjwa wa upande mwingine: zinateleza kama dagaa. Nikazipaka podari, chumba kizima kikanuka kama mtoto mchanga. Mwisho binamu yangu anayefanya kazi hotelini Nungwi akanitumia kwa boti pakiti ya Bicycle aliyoiacha mgeni chumbani. Kampuni ya Marekani inazitengeneza tangu mwaka 1885, na migongoni mwake kuna vitoto vyenye mbawa vimepanda baiskeli, uchi kama walivyozaliwa. Uso wake si laini kabisa; ukizishika kwenye mwanga utaona vishimo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa, na hewa inayokaa mle ndiyo inayofanya zitembee bila kugandana. Ndizo hizo hizo mwalimu wa video alizokuwa akitumia. Kumbe nusu ya ufundi wake ilikuwa dukani.

Niache mchezo kidogo niseme habari ya maneno, kwa sababu ilikuwa inanirudia kila nikikaa na fungu mkononi. Majina tunayotumia barazani ni ya Wareno: karata, kopa, uru, shupaza, pau, hata turufu. Wenyewe waliondoka zama hizo, wameacha ngome, wakaacha na karata. Lakini wakuu wa fungu sisi hatukuwaita kwa Kireno. Tunawaita mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne, yaani bibi, ghulamu na mfalme, kwa hesabu ya alama zao kwenye mchezo wa sitini na moja, ule wazee wanaouita wahedi wa sitini. Na neno mzungu, kabla halijawa mtu wa Ulaya mwenye kofia, lilikuwa na ndugu yake: mzungu wa mizungu, jambo la maajabu, ufundi wa kufichwa, kitu unachofundishwa ndani mlango umefungwa. Kwa hiyo nilikuwa nafanya mizungu kwa kutumia wazungu, mbele ya mikono ya mzungu. Nilicheka peke yangu. Mke wangu akaniangalia tena.

Kwa Pemba jambo hili si la kucheka sana. Tuna sifa yetu, na wageni wakishuka Mkoani wanaiuliza kwa kunong'ona. Nilipokuwa skuli ya msingi alikuja mtu wa mazingaombwe, akatoa vitambaa mdomoni na sarafu masikioni mwa wanafunzi. Siku ya pili maalim wetu wa chuo cha Kurani alitukalisha nusu saa akitueleza tulichokiona, na hakuna aliyenyanyua kichwa. Kwa hiyo hata nikiwa mtu mzima na duka langu, nilijizoeza usiku, pazia limeshushwa.

Wiki ya sita mchezo ulikuwa umekaa. Kioo kilikuwa kimeridhika. Naitia katikati, nagonga, inapanda, na mie mwenyewe kuna mara nilikuwa nashangaa. Usiku mmoja nikafanya mara tano mfululizo, safi, nikajipongeza kwa sauti. Nyuma yangu, kitandani, sauti ndogo ikasema:

"Baba, umechukua mbili."

Binti yangu hakuwa amelala. Alikuwa amekaa nyuma ya bega langu la kushoto, pale pale kwenye ule mdomo ulioachia, na kwa jinsi alivyosema inaonekana alikuwa ameliona tangu wiki ya kwanza, hakujua tu kuwa ni siri. Kamera ya mwalimu iko mbele. Kioo kiko mbele. Houdini alikaa mbele. Lakini baraza haina mbele. Baraza ni sakafu ya saruji inayozunguka ukuta, mmoja kakaa kulia kwako anakugusa goti, mwingine kushoto, wawili mbele kwenye ndoo zilizopinduliwa, muuza kahawa anapita na dele lake, na nyuma wamesimama vijana ambao hawajafikia umri wa kukalishwa. Video nzima haikunipa hata sentensi moja juu ya mtu wa nyuma.

Nikatumia wiki ya saba kujifunza kukaa. Baraza letu lina pembe moja ambapo kuta mbili zinakutana. Ukikaa pale, mgongo uko ukutani na bega la kushoto liko ukutani. Pembe ile ina mwenyewe, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye magoti hayamruhusu kukaa pengine. Nikasubiri. Alhamisi moja baada ya Isha akaenda kusalimia mgonjwa, mie nikakaa pembeni pale kama mtu asiye na nia.

"Karata za nani hizi zenye vitoto uchi?" mtu akauliza.

"Zangu. Chagua moja."

Aliyechagua ni muuza kahawa. Akavuta saba ya shupaza. Nikataka aitie alama, nikapapasa mifukoni. Mwenye steshenari nzima, sina kalamu. Akachovya kidole kwenye kikombe akapiga doa la kahawa katikati ya karata. Ilikuwa bora kuliko saini ya Houdini, ilibidi tuipepee ikauke.

Mara ya kwanza ilipopanda, palikuwa kimya. Mara ya pili wakacheka, wakapigana mikono, mmoja akainuka akazunguka ndoo yake akakaa tena. Mara ya tatu vijana wakasogea mpaka nikaacha kuona taa. Hapo ndipo ningeacha. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini kichwani nilikuwa Chicago, mwaka 1922, nikafanya mara ya nne, na doa lile la kahawa likatoka juu likiwa bado lina unyevu, na nikaona kuwa kuna mtu mmoja hacheki.

Namwita Ami, ingawa si ndugu wa baba yangu kwa damu. Alikuwa mpimaji kwenye kituo cha kununulia karafuu, miaka na miaka. Wanaojua karafuu wanajua kazi ile. Mkulima anakuja na gunia, na kazi yako si kusoma mizani tu. Ni kutazama kidole cha nani kimegusa sahani, nani amezilowesha kidogo zipate uzito, nani ameacha makonyo, vile vijiti vya karafuu, ndani. Ami hatazami uso wa mtu. Ukimsalimia, "Shikamoo Ami," anaitikia "Marahaba" akiwa anatazama mikono yako.

"Zilete," akasema.

Nikampa. Akazihesabu juu ya saruji, tano tano, mpaka 52, na wale wawili wa ziada akawatenga. Akaigeuza saba ya shupaza, akainusa kahawa. Akanirudishia. Halafu hakuuliza nimefanyaje. Angeuliza ningemwambia, na pengine yangeishia pale. Aliuliza hivi:

"Ramadhani iliyopita, kumi la mwisho, usiku ule ulipogawa wewe. Ulipata ree tatu." Ree ndiyo karata kubwa kuliko zote.

"Sikumbuki, Ami."

"Mie nakumbuka. Ree tatu, na turufu ilikuwa pau."

Mchezo wangu wote, wiki saba, podari, kioo, ulifutika pale pale. Hakuna aliyezungumzia tena karata iliyopanda. Walianza kufukua. Kila mtu akawa na usiku wake. Mwenzangu wa siku zote, tuliyecheza pamoja miaka, aliyekula matunda ya hizo ree kama ni wizi, akasogea kidogo kwenye saruji, akaacha nafasi kati yetu. Akatajwa mzungu wa nne aliyetokea dakika ya mwisho mwaka juzi. Ikatajwa mechi na watu wa Tibirinzi. Kwetu anayefungwa ndiye anayelipa kahawa, jambo ambalo maalim amelikemea mara nyingi, na sasa kijana mmoja akaanza kupiga hesabu ya vikombe alivyonilipia tangu aanze kukalishwa. Alifika 31.

Mwingine akasema hii ni sihiri, tusihangaike na hesabu. Maalim alikuwa amekaa kimya na tasbihi yake. Akasema katika sura ya Al-Aaraf imeelezwa kuwa wachawi wa Firauni waliyazuga macho ya watu. Kamba walizozitupa, akaongeza, zilibaki kamba. "Huyu si mchawi," akasema. Nikashusha pumzi. "Huyu ni uongo wa mikono. Na uongo hukumu yake mnaijua."

Basi nikafanya ambalo mtu aliyebanwa hulifanya, nikajieleza. Niliwaonyesha mwanya. Nikawaonyesha pacha, polepole, mbele na nyuma. Nikasema: tazameni, hii haimsaidii mtu kugawa. Kuinua mbili ni kwa kuonyesha tu. Mtu akitaka kuiba wakati wa kugawa hahitaji hii, anahitaji kutoa ya pili akaiacha ya juu, au kuchukua ya chini, au kuchanga kwa uongo...

Nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikanyamaza. Nimechelewa.

"Kwa hiyo kinachofaa unakijua," akasema Ami.

Nilikuwa nakijua, kwa kusoma tu. Ukianza na karata mpenda cheo unafikishwa haraka kwenye kitabu kilichochapishwa Chicago mwaka 1902 na mtu aliyejiita S. W. Erdnase, ambaye jina lake la kweli watu wanalibishania mpaka leo. Wachezaji wa kiinimacho wanakiheshimu kupita kiasi, na sehemu yake kubwa haihusu kiinimacho. Inahusu kuiba mezani. Michezo ya kufurahisha watu imekuja mwishoni. Vidole ni vile vile, mwanya ni ule ule. Kinachobadilika ni kama umewaambia watu watazame au hukuwaambia. Hili nalisema hapa kwenye blogu. Barazani nilifunga mdomo.

Nina hoja moja bora niliyoitoa baadaye, wiki iliyofuata, na haikunisaidia. Hizo ree tatu zina maelezo. Yuko mwanahisabati wa Marekani, Persi Diaconis. Alipokuwa na miaka 14 alitoroka kwao akamfuata Dai Vernon, yule yule, wakazunguka pamoja na karata, na baadaye akawa profesa. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Dave Bayer walichapisha hesabu yao: fungu la karata 52 likigawanywa nusu mbili zikapepetanishwa, linahitaji kama mara saba ndipo lichanganyike sawasawa. Mara saba! Na huko ni kupepetanisha. Sisi barazani hatupepetanishi, tunachopoa mafungu na kuyadondosha juu ya mengine, mtindo unaohitaji mara nyingi mno kuliko saba, na tunafanya mara tatu huku tunazungumza. Ukikumbuka kuwa mchezo wetu unakusanya karata kwa mafungu, kubwa zimeliwa na kubwa, turufu zimefuatana na turufu, basi usiku wa pili zinarudi zikiwa bado zinajuana. Ree tatu hazikuletwa na mie. Zililetwa na uvivu wetu sote.

Walinisikiliza. Mmoja akasema ni kweli, tuchange zaidi. Wakakubaliana iwe mara kumi. Na kwamba nisiwe mie.

Hapo ndipo mambo yalipo. Nimezoea. Kuna raha yake, ukifungwa hakuna wa kukulaumu kwa kugawa vibaya. Video ile sijaifungua tena. Karata za Bicycle ziko droo ya chini dukani, chini ya bahasha za kahawia.

Niongeze jambo la juzi tu. Jumanne mchana, jua limetoka baada ya siku nyingi, Ami aliingia dukani na kitambulisho chake. Kopi moja, mbele na nyuma. Nikamtolea. Akalipa shilingi 200, akaitazama kopi, akaikunja, hakuondoka. Alikuwepo mwanafunzi mmoja ananunua kalamu. Ami akasubiri aende. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu akatoa karata za barazani, zile laini, zenye haluwa.

"Ule mwanya," akasema. "Polepole."

Nikamwonyesha. Yeye hana haja ya Bicycle wala podari. Vidole vyake ni vinene, vimekauka, viganja vimeng'ara kwa miaka ya kushika magunia, na fungu likakaa humo kama limezaliwa humo. Mara ya kwanza zikaja tatu. Akaguna. Mara ya pili gumba lake likasukuma, likarudisha, na sikuona kidole cha mwisho kikifanya chochote. Akageuza: mzungu wa tatu wa kopa. Akarudisha kifudifudi, akachukua ya juu, akanipa. Ilikuwa tisa ya pau. Wiki saba zangu, mara mbili zake, kwenye karata zinazogandana.

"Hm," akasema. Akazirudisha mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka, akatazama mikono yangu. "Na hili liishie hapa hapa."

Alhamisi baada ya Isha tulicheza. Ami ndiye aliyechanga, mara kumi kwa hesabu, na ndiye aliyegawa. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, karibu nusu nyuma, pale alipokuwa amekaa binti yangu. Nilikitazama kidole chake cha mwisho kuanzia karata ya kwanza mpaka ya mwisho, na kahawa yangu ikapoa. Sikuona kitu.